Mashine Isiyo na Sijui

Tausi binti Athuman alizaliwa Bondeni, Kyela mjini, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, na watu wa mtaa walipenda kusema kwamba alijua kupima chumvi kabla hajajua kutembea. Babu yake alitoka Kilwa akifuata biashara ya nguo, akafika huku kwenye mvua zisizojua likizo, akatangaza kwamba atakaa msimu mmoja tu. Hakuondoka tena. Wajukuu wake walisema Kiswahili cha madukani, waliswali Ijumaa kama watu wa pwani, ila wakikasirika walitukana kwa Kinyakyusa, maana hiyo ndiyo lugha waliyotumia kugombania gololi.

Biashara zilipofunguliwa na kila mwenye ukuta wa barabarani akatoboa dirisha la kuuzia, Tausi hakutaka kuuza sabuni na sukari kama dada zake. Alishawahi kuwa mhudumu wa zahanati. Akasoma kozi fupi, akasumbuana na kibali mpaka kikatoka, akafungua duka la dawa baridi. Lilimkaa vizuri. Alikuwa mwanamke wa haraka, mwenye macho ya kuona mgonjwa tangu yuko barabarani, na alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wengine na kuwaudhi wengine: alimalizia watu sentensi. Mteja akianza, "Mtoto usiku kucha..." yeye anadakia, "Anakohoa," na chupa iko mezani. Mara nyingi alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomharibu.

Mwaka ule klorokwini, dawa ya malaria ya siku zote, ilipostaafishwa na vidonge vya salfa vikapewa kiti chake, ulikuja mradi. Ulikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo hakuna mtu Bondeni aliyewahi kulifikisha mwisho, kwa hiyo uliitwa mradi tu. Mradi ulileta kompyuta. Fundi wake, kijana wa Mbeya aitwaye Andrea, shati limechomekewa na kalamu mbili mfukoni, aliifunga juu ya meza ya Tausi, akaiunganisha na betri ya gari na kioo cha kukusanya jua juu ya bati.

"Mama, humu ndani kuna akili za madaktari bingwa," alisema, akiigonga kichwani kama mtu anayempongeza ng'ombe wa maziwa. "Inauliza, inajibiwa, inafikiri yenyewe, kisha inaamua dawa na kipimo chake. Wewe kazi yako kubonyeza. N ni ndiyo, H ni hapana."

"Na mtu akiwa hajui?" Tausi aliuliza.

Andrea alicheka. "Mama, kuna mgonjwa asiyeujua mwili wake mwenyewe?"

Waliokuwepo wote walicheka, Tausi naye akacheka, na habari ya sijui ikaishia hapo.

Mashine ilimpa Tausi jina. Watu walitoka mbali, hata Njisi mpakani, kuja kuulizwa. Walisimama mbele ya kioo cheusi chenye maandishi ya kijani, wamevua kofia, wakajibu maswali kwa adabu ambayo hawakuwahi kumpa mganga yeyote mwenye damu na nyama. Tausi alisoma, wakajibu, akabonyeza. Alianza hata kunyoosha mgongo alipotembea. Nani asingenyoosha?

Angetile alikuja siku ya gulio, duka limejaa. Alikuwa mke wa Ezra wa Ngonga, mwanamke mrefu, mpole, mikono imekakamaa kwa kupandikiza mpunga. Ezra mwenyewe alikuwa mpakani na biashara zake za kuvusha vitenge. Angetile alichuchumaa kwanza, kama ilivyo heshima ya kwao, akasema, "Mugonile, mama."

"Ndaga. Nani anaumwa?"

Angetile alitazama chini. "Baba yake Ezra."

Hakumtaja jina, na Tausi hakulingojea. Mtu aliyekulia Kyela haelezwi jambo hilo. Mwanamke wa Kinyakyusa aliyelelewa vizuri humwepuka baba mkwe wake: hatamki jina lake, hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni. Akimwona anakuja njiani, atajitosa kichakani na khanga kichwani mpaka apite. Walokole wengi walikuwa wameshaiacha desturi hiyo, lakini baba yake Ezra, mzee Andongwisye, ingawa alikuwa mzee wa kanisa, aliishika kwa mikono miwili, na mkwe wake aliishika pamoja naye. Chakula cha mzee kilipelekwa na wajukuu. Angetile aliijua homa ya mzee kwa kusikia meno yakigongana upande wa pili wa ukuta.

Mashine iliuliza kuhusu homa. Ndiyo. Kutetemeka. Ndiyo. Kutapika. Hapana, wajukuu hawajasema. Tausi alibonyeza N, N, H, kidole kikienda kama cha mpiga kinanda. Kisha maandishi ya kijani yakauliza kama mgonjwa ana baka jeusi mdomoni au mwilini, lililotokea baada ya kumeza dawa.

Tausi alimsomea. Angetile alivuta khanga yake mbele kidogo.

"Sijui, mama," alisema. "Mimi simwoni."

Mwanamume mmoja nyuma aliguna. Mwingine aliuliza kama leo wote watalala hapa. Mashine haikujali desturi za mtu. Ilisubiri kidogo, ikaanza kulia ule mlio wake mwembamba wa kudai jibu, ti, ti, ti, na Tausi, ambaye hakuwahi kuacha mtu wala kitu kikimsubiri, alipeleka kidole kwenye H. Wakati ule aliona kwamba hapana ndiyo iliyo karibu zaidi na sijui. Mashine ilinyamaza, ikafikiri, ikaamua vidonge vitatu vya salfa, vimezwe kwa pamoja. Tausi akavifunga kwenye karatasi. Angetile akashukuru na kuondoka.

Habari ililetwa na muuza samaki aliyekuja kutafuta dawa ya kichwa. Aliileta bila ubaya wowote, kama watu waletavyo habari.

"Umesikia ya Mzee Wino wa Ngonga? Yuko hospitali. Ngozi inambambuka kama kiazi kilichochemshwa. Midomo yote kidonda."

"Mzee Wino ndiye nani?"

"Si Andongwisye! Tunamtania hivyo kwa lile baka lake mdomoni. Utadhani alilamba kalamu. Alilipata zamani, alipewa vidonge vya salfa vikamkataa."

Tausi alishika ukingo wa meza. Ngonga nzima ilijua baka hilo, hata wavuvi wa Kikisi waliopita tu kuuza dagaa walilijua, wakalipa jina la utani. Katika watu wazima wote wa kijiji kile, alikuwepo mmoja tu asiyelijua, na mashine ilimuuliza huyohuyo. Na Tausi aliyekuwa akibonyeza alijua kabisa kwa nini mwanamke yule hamwoni baba mkwe wake. Hilo ndilo lililomkaba. Angekuwa mgeni wa Dar angalau angekuwa na pa kujificha.

Tangu saa hiyo hakuwa na raha. Sahani yake ilirudi jikoni na chakula chake. Gari lolote likipunguza mwendo mbele ya duka, alijitia kupanga chupa zilizokwisha kupangwa. Aliwauliza wauguzi habari za mzee kwa kuzunguka, akijifanya anaulizia wodi kwa jumla, na walipomwambia kwamba usiku uliopita mzee alishindwa kumeza hata uji, alitoka nje akatapika. Alimwombea uzima kila swala. Tusimpambe: nusu ya dua ilikuwa ya mzee, nusu ilikuwa yake mwenyewe na duka lake, na yeye alijua ipi ilikuwa nusu kubwa.

Kisha akaja Andrea. Aliifungua mashine, akabonyeza hapa na pale, ikatoa majibu yote iliyoyahifadhi.

"Hili hapa," alisema, akapumua kwa nguvu. "Iliuliza swali sawasawa. Jibu: hapana. Mashine haina kosa, mama, na wewe huna kosa. Kosa ni la aliyejibu."

"La aliyejibu," Tausi alirudia.

"Angesema ndiyo, isingetoa salfa kamwe. Shukuru Mungu inatunza kumbukumbu."

Na alishukuru, Mungu amsamehe. Siku ile alikula wali sahani nzima. Lakini raha ile haikufika mbali, maana maneno ya Andrea yalifika Ngonga upesi. Mashine imesema mke wa Ezra alijibu hapana. Watu walianza kukumbuka mambo. Ilikumbukwa kwamba mzee aliwahi kumnyima Ezra kipande cha shamba la kakao. Ilikumbukwa kwamba Angetile ni mkimya mno. Kufikia wiki iliyofuata hakuna aliyesema tena kwamba alikosea. Walisema alikusudia. Ezra alirudi kutoka mpakani, akasikiliza wazee, akamwambia mkewe afunge vitu vyake. Polisi nao waliambiwa. Tausi aliyasikia hayo yote dukani, yakiletwa mojamoja na wateja, na kila mteja alimpa pole yeye, kwa usumbufu.

Mzee Andongwisye hakufa. Alitolewa hospitali, amekonda, midomo imefungwa kwa bandeji, akarudishwa kwake, na kikao kikaitwa uani pake. Mtendaji wa kijiji alikuwepo, na wazee wa ukoo, na sajenti mmoja wa polisi aliyepewa lifti na gari la mradi kwa kuwa hakuwa na lake. Andrea alikuja na mashine na betri. Tausi aliitwa kuwa shahidi. Usiku uliotangulia alikuwa ameshatunga cha kusema, maneno machache yasiyo na uongo ndani yake: mashine iliuliza, mimi nikabonyeza.

Mzee alikuwa amelazwa kwenye mkeka barazani. Begi la Angetile lilikuwa limeegemezwa kwenye mgomba, limefungwa kamba.

"Mtuhumiwa yuko wapi?" sajenti aliuliza.

"Nyuma ya jiko," Ezra alijibu bila kuinua uso. "Hawezi kuja. Baba yupo."

"Basi mzee asogezwe ndani kidogo, mke wako aje ajieleze."

Wazee walinung'unika kwa pamoja. Mzee ampishe mkwewe, tena akiwa mgonjwa, kwenye baraza lake mwenyewe? Mmoja wao alisema, "Angekuwa na la kusema angetuma mtu. Kunyamaza kwake kunatosha." Na wengine wakaitikia.

Sajenti hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa mtu wa Kyela. Akakubali. Andrea akawasha mashine juu ya kigoda, watu wakasogea, na neno HAPANA likawaka kijani mbele ya ukoo mzima. Kina mama waliokuwa uzioni walishika vinywa. Tausi alilitazama neno lile. Walikuwa wanamhukumu mwanamke kwa kutomtazama mzee, na hawezi kujitetea kwa sababu hairuhusiwi amtazame mzee, na hakuna hata mmoja pale aliyeliona hilo. Au waliliona wote, wakangoja mwingine aseme.

Yeye pia alingoja. Aliogopa jela. Aliogopa kibali kuchukuliwa na dirisha la duka kupigiwa misumari. Aliogopa, kwa ufupi, kama mtu yeyote mwenye mali kidogo na jina zuri.

Mtendaji alikohoa, akaanza kufunga hoja. Alikuwa mzungumzaji wa taratibu, anayekokota kila neno. "Kwa hiyo ndugu zangu, ushahidi tumeuona. Mama huyu wa dukani alimsomea swali, na mke wa Ezra kwa kinywa chake mwenyewe akasema..."

"Sijui," Tausi alidakia.

Lilimtoka lenyewe, kama yalivyomtoka maneno ya wateja wake wote.

"Nani hajui?" sajenti aliuliza.

Sasa hapakuwa na pa kurudi. "Angetile," Tausi alisema. "Alisema, 'Sijui, mimi simwoni.' Hakusema hapana. Hapana nilibonyeza mimi."

"Mama!" Andrea alisema kwa sauti ya chini. "Unajiharibia."

"Kwa nini ulibonyeza asichosema?" sajenti aliuliza.

"Mashine haina sijui. Ina N na H."

"Ungeiacha bila jibu."

"Haikubali. Inalia mpaka ijibiwe. Watu walikuwa wamejaa, nami..." Aliionyesha mashine kwa kidevu. "Ningeweza kuizima. Ningeweza kumwambia akamwite mtu anayemwona mzee. Sikufanya."

Sajenti alimgeukia Andrea. "Nani aliitengeneza bila sijui?"

"Wataalamu, afande."

"Wako wapi?"

"Wengine Dar, wengine ng'ambo. Mimi ni fundi wa kufunga tu. Halafu mradi uliandika wazi tangu mwanzo, na barua ninayo, kwamba uamuzi wa mwisho ni wa muuza dawa."

Hasira zilimpanda Tausi ghafla, na kwa kitambo kidogo zilifukuza woga. "Uliniambia inaamua yenyewe, kazi yangu kubonyeza!"

"Ile ilikuwa namna ya kuelezea, mama."

Sajenti alivua kofia akajikuna. Aliitazama mashine pale kwenye kigoda, akamtazama Andrea, akatazama upande wa barabara iendayo Dar, kama kwamba wataalamu wangeweza kutokea huko kwa miguu. "Mimi natakiwa nirudi na mtu," alisema. "Hii nikiiweka mahabusu nitaandika jina gani? Hao wa ng'ambo siwafikii. Huyu kijana ana barua ya kumlinda. Wewe mama uko hapa."

Watu wengine walicheka aliposema habari ya kuiweka mashine mahabusu. Tausi hakucheka. Aligundua kwamba alikuwa amesimama, na kwamba hakukumbuka kuinuka.

Ndipo mzee Andongwisye aliinua mkono kutoka kwenye mkeka. Kusema kulimuuma, ikabidi Ezra ainame na kuweka sikio karibu. Ezra alikaa ameinama kwa muda, kisha akainuka, uso umebadilika.

"Baba anasema mama wa wajukuu zake haendi popote," alisema. Alikwenda kwenye mgomba, akalichukua begi, akaliingiza ndani yeye mwenyewe. Mtendaji, ambaye hotuba yake ilikuwa imekatwa katikati, alitangaza kwamba kikao kimefungwa.

Andrea aliifunika mashine kwa blanketi. Alikuwa amenyong'onyea, na alimsemesha Tausi kwa upole, bila kumtazama. Mashine itapelekwa Mbeya, alisema, wataandikia makao makuu, pengine wataongeza kitufe cha tatu, na kwa kweli jambo hili litawasaidia sana wenye mashine za namna hii mahali pengine. Akaibeba akaiweka kiti cha mbele cha gari, akaifunga mkanda isitikisike. Tausi na sajenti wangekaa nyuma.

"Nipe dakika, afande," Tausi aliomba. "Simkimbii mtu."

Alizunguka jiko. Angetile alikuwa amechuchumaa pale alipokuwa tangu asubuhi, ameelekeza mgongo upande wa baraza, khanga imefunika kichwa. Alikuwa amesikia kila kitu. Alipomwona Tausi aligeuka bila kuinuka, akapiga makofi polepole kwa adabu.

"Ndaga fijo, mama."

"Usinishukuru," Tausi alisema. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Angetukanwa ingekuwa nafuu. "Mimi ndiye niliyekuponza. Nilibonyeza usichosema."

"Kidole nilikiona, mama."

"Ulikiona? Sasa mbona hukunizuia?"

Angetile alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, mama. Niliiona herufi. H. Nikajua ni H ya 'hajui'."

Honi ya gari la mradi ililia barabarani, ikalia tena, na Tausi alikuwa bado amesimama palepale wakati sajenti alipokuja kumfuata.